Usikitie Maji, Nyafuru

Nyafuru mwanangu,

Nimefukuzwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama yako anapanga nguo zako kwenye begi, anazitoa, anazikunja upya, anazirudisha, na nilipothubutu kusema kwamba shuka moja inatosha akaniambia, "Baba Nyafuru, hebu toka hapa, unaniziba mwanga." Basi nimetoka. Nimekaa kwenye benchi la karakana, jua bado lipo la kutosha kuandika, na wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikiiona sura yako sitaandika kitu.

Mambo ya kula vizuri, kumsikiliza shangazi yako pale Kitaji, Musoma, kutotembea na hela yote mfukoni, hayo mama yako ameyamaliza tangu juzi, na kesho atayarudia tena mpaka dereva wa basi awashe injini. Mimi nayapita. Nina jambo moja tu, nawe unalijua, kwa sababu ndilo lililotugombanisha jana.

Jana uliniomba lile debe kubwa. Nikakuuliza la nini. Ukasema, "La maji, baba. Nitaliweka mbele, wateja waone. Watu wa Musoma nao wanataka kusikia chwaa! Nakigusisha kisu chekundu maji kidogo tu, halafu nakimalizia kwenye oili." Ukacheka. Nami nikapiga meza mpaka chai ikamwagika, nikakuambia maneno ambayo baba hamwambii binti yake anayeondoka. Nilikuambia afadhali ukauze karanga. Halafu nikatoka nje kwa hasira, peku, nikakanyaga mwiba, nikashindwa hata kurudi ndani kuchukua viatu kwa aibu.

Nisamehe, mwanangu. Hasira ile haikuwa yako. Ilikuwa ya mtu mmoja aliyekuwaga na debe kama hilo pale soko la Bunda, mtu aliyependa makofi kuliko kazi yake. Wewe unajua mkono wa mama yako ulivyo, na unajua ni kisu kilichouharibu. Lakini ulikuwa mdogo, na nyumbani hapa hatujawahi kukaa tukalisimulia jambo lenyewe kuanzia mwanzo. Mama yako halipendi. Mimi nilikuwa naliogopa.

Mimi sikuzaliwa na nyundo mkononi. Kwetu si ukoo wa wahunzi, na wale wazee wa Buswahili, kwa kina mama yako, wanaonung'unika kwamba mwanamke hakai kwenye tanuri la chuma, waambie hata baba yangu asingeruhusiwa kukaa. Mimi nilikuwa makanika wa malori ya pamba hapa Bunda. Baada ya vita malori yakaanza kufa moja moja. Spea hakuna, matairi hakuna, mafuta hakuna. Yakapandishwa juu ya mawe, na sisi makanika tukawa tunafika kazini, tunafuta vumbi, tunacheza bao, tunarudi nyumbani.

Na madukani hakukuwa na kitu. Sabuni foleni, chumvi foleni, kanga foleni, na ukifika mbele unaambiwa imeisha. Kisu cha jikoni ndiyo usiseme. Majirani walikuwaga wanaazimana kisu kama wanavyoazimana moto. Mama yako alikuwa anapara samaki kwa kipande cha bati alichokinoa juu ya jiwe, na anakata kitunguu kwa hicho hicho. Siku moja nikamwangalia, nikajiambia: Magesa, una mikono miwili, una chuma kimelala bure pale gereji, unashindwaje na kisu?

Nilishindwa vizuri sana. Nilianza na nondo, kwa sababu nondo ilikuwepo na inafuliwa kwa urahisi. Kisu kilitoka kizuri cha kutamani. Mama yako akamkata sato wa kwanza, kwa wa pili kikaanza kuteleza juu ya magamba, kwa wa tatu kikapinda kama kijiko. Nikakichoma, nikakizamisha kwenye maji, nikakichoma tena, nikakizamisha tena. Nyafuru, nondo hata ukiizamisha ziwa zima haitakuwa ngumu, kwa sababu ndani yake hakuna cha kukomaa. Mimi nilidhani maji hayatoshi.

Nikarukia upande wa pili, nikachukua tupa kuukuu. Nikafikiri, tupa inakula vyuma vyote, basi huyu ndiye baba yao. Kisu cha tupa kilinyoa nywele za mkono wangu, nikaenda nacho kwa majirani nikinyoa mikono ya watu kama kichaa. Jioni kikaanguka kwenye saruji kikawa vipande viwili. Sikujua kwamba chuma kikishakomaa lazima ukirudishe kwenye joto dogo, kipungue ukali wa roho. Usinielewe vibaya, tupa ni chuma kizuri, na siku moja utaifanyia kazi na utaipenda. Lakini moto ukizidi kidogo imeharibika, ukichelewa kidogo imeharibika. Mtu anayeanza peke yake, ugenini, asijipe mtihani huo.

Springi ndiyo iliyonipokea. Yale mabamba yaliyopangana chini ya Landrova na malori, kila bamba juu ya jingine. Kwanza yalikuwa yamejaa, kila gari lililokuwa juu ya mawe lilikuwa nayo. Pili, yana subira. Umezidisha moto kidogo, linakuvumilia. Mkono wako umetetemeka, linakungoja. Na likikomaa vizuri halivunjiki ovyo, kwa kuwa limezaliwa kwa kazi ya kupinda na kurudi. Ukifika Musoma watakuletea kila aina ya chuma chakavu, siku hizi magari ya mtumba yanaingia na kufa kila wiki, na kila muuza skrepa atakuapia kwamba chake ni cha Ulaya. Wewe tafuta springi. Usichukue bamba lililovunjika garini, hata akikupa bure, maana lililovunjika mara moja lina nyufa nyingine ndani ambazo huzioni. Kata kipande kidogo pembeni, kikomaze, kivunje kwa nyundo, uangalie ndani. Ukiona chembe laini laini, za kijivu, kama unga, fua. Ukiona chembe kubwa zinameta kama chumvi ya mawe, ujue umekichoma mno au chuma chenyewe si chako.

Sumaku ile ya spika nimekufungia kwenye soksi yangu. Unajua kazi yake. Chuma kikiacha kuvutwa na sumaku, kiongezee moto kidogo tu kisha kizamishe, usisubiri rangi ya kupendeza macho. Na tanuri liwe kivulini. Juani rangi zote zinadanganya.

Sasa niseme habari ya oili, ambayo ndiyo habari yenyewe.

Nilipopata springi nikaizamisha kwenye maji kama nilivyozoea, nikapasua visu vitatu au vinne mfululizo. Ndipo mzee mmoja dereva, rafiki yangu, akaniuliza kwa nini nisijaribu ile oili chafu tuliyokuwa tumeimwaga kutoka kwenye injini, ambayo imekaa kwenye pipa. Hakuwa fundi, alisema tu. Nikajaribu. Mara ya kwanza niliitia kwenye ndoo ya plastiki, wewe cheka tu, kisu chekundu kikagusa ukingo, ndoo ikayeyuka, oili ikawaka uwanja mzima na kuku wa mama yako akakimbia mkia ukifuka moshi. Mimi nikakimbilia maji. Mama yako akanipiga kikumbo akamwaga mchanga. Kama ningemwaga maji yale, tusingekuwa na nyumba. Kwa hiyo tumia chombo cha bati, kirefu, chenye mfuniko, na mchanga karibu.

Lakini siku iliyofuata, oili ikiwa kwenye bati, nimeipasha joto kidogo mpaka ikawa kama maji ya kumwogesha mgonjwa, nikazamisha kisu kwa ncha, wima, bila kukitikisa huku na huku. Kikasema fuuu, kwa sauti ya chini, na moshi. Nikakitoa kimenyooka. Nikakifuta, nikakirudisha kwenye joto dogo mpaka kikapata rangi ya nyasi kavu. Kile kisu, Nyafuru, mama yako alikitumia miezi na miezi. Alikuwa anakiita "mume wa pili". Nilikuwa nasikia wivu na fahari vyote pamoja.

Kwa hiyo nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Mtu asije akakuambia baba yako alikosea kwa kutojua. Nilijua kabisa oili ndiyo ya springi.

Nikaanza kupeleka visu sokoni. Watu walikuja, wanashika, wanapitisha kidole, halafu wote wanauliza neno moja: "Kimetiwa maji?" Unajua tunavyosemaga. Kisu kigumu ni kisu kilichotiwa maji. Panga zuri limetiwa maji. Hata jembe. Neno lenyewe ndilo hilo, hatuna lingine. Mimi najibu, "Kimetiwa oili." Mfugaji mmoja kutoka upande wa Butiama akanirudishia kisu mkononi kana kwamba nimempa nyoka. "Oili ni ya gari, bwana. Hii kisu kama haijatiwa maji nitaipeleka wapi?" Akaenda kwa jirani yangu aliyekuwa anauza visu vya nondo, akanunua, na jirani akanicheka. Jirani yule alikuwa na sufuria la maji pembeni, na kila mteja akija anachoma kisu kidogo anakichovya. Chwaa! Basi, kimetiwa maji.

Wiki nzima nikawa nalala na kile kicheko cha jirani. Halafu oili nayo ikaanza kuisha. Malori yaliyokufa hayabadilishi oili, na ile iliyobaki watu waliitaka ya kupaka nguzo, mchwa wasile. Nikajipa sababu, unaona? Nikajiambia oili hakuna, wateja wanataka maji, mimi ni nani? Nikaenda sokoni na debe la maji.

Sitakudanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi mno. Nilikuwa naweka tanuri dogo palepale sokoni, nachoma, nakinyanyua kisu juu chekundu ili wote wakione, nauliza, "Kitiwe nini?" Watoto na watu wazima wanaitikia, "Majiii!" Nakizamisha. Chwaaa! Mvuke mpaka usoni. Makofi. Waliniita Baba Chwaa, na nilipokuwa natembea mjini watu wakiniita hivyo nilikuwa nanyoosha shingo. Visu vingine vilipona, maana nilikuwa navitoa upesi. Vingine vilipasuka wazi, nikavitupa chini ya meza nikisema chuma hiki kibovu. Na kuna vile vya katikati.

Siku ninayoisema mama yako alikuwa amekaa karibu na meza yangu na beseni lake la samaki, na wewe umelala kwenye kanga nyuma yake. Nilikuwa nimetengeneza kisu kirefu kwa ajili ya sangara, kazi ya siku mbili, chembamba, kizuri. Watu walikuwa wengi. Nikakizamisha, chwaa, na ndani ya ile chwaa kukawa na mlio mdogo. Tik. Kama ukucha ukigonga kikombe. Nilimwona mama yako akigeuka.

"Baba Nyafuru," akasema, "hicho kimelia."

Watu wote wakaniangalia. Ningeweza kusema, ndiyo, kimelia, tukiweke kando. Neno hilo lingenigharimu nini? Jirani angecheka, wateja wawili watatu wangeondoka, ningerudi nyumbani na aibu ya siku moja. Badala yake nikakinyanyua juu nikasema kwa sauti kubwa, "Chuma kikilia ndiyo kimekubali!" Watu wakapiga makofi. Mama yako naye akacheka, akatikisa kichwa, akarudi kwenye samaki wake. Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa nalala na vyuma, yeye angebishaje?

Siku hiyo hakikununuliwa, bei niliiweka juu kwa sababu kilikuwa kizuri. Jioni nikakigeuzageuza nikitafuta ufa, sikuona, na nikashukuru kutouona. Sikukibana kwenye meno ya jiliwa kukipinda, sikukigonga kusikia sauti yake. Niliogopa kupata jibu. Mama yako akakichukua kwenye kapu, akasema, "Huyu mzuri hivi unampeleka wapi tena? Nipe mimi." Nikampa. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaona raha kwamba amekipenda.

Kilivunjika kwenye kichwa cha sangara. Alikuwa amemshika kwa mkono wa kushoto, amepitisha kisu kwenye shingo, akakizungusha kidogo kutafuta kiungo kama anavyofanyaga siku zote, na kikakatika katikati. Kipande kilichobaki kwenye mpini kikashuka kwenye kiganja chake mpaka mfupa. Walikuja kuniita gereji. Nilipofika alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa kanga, na wewe unalia kwa sababu yeye halii. Miaka ile hata uzi wa kumshonea mtu tuliutafuta kwa watu. Mkono ulipona kwa nje. Vidole vitatu havijakunjika tangu siku ile.

Nikaokota vile vipande. Mahali palipokatika palikuwa na sehemu mbili. Nusu ilikuwa inang'aa, mpya. Nusu ilikuwa nyeusi. Ule weusi, mwanangu, ni ufa uliokuwepo tangu sokoni, umeshaingia kutu. Kisu kilikuwa nusu kisu tangu kilipolia. Yeye alikuwa amekisikia, na alisema mbele za watu, na mimi nikamzima kwa mzaha.

Nilimwambia pole. Lakini nilimwambia kama jirani anavyosema pole akipita njia. Nilileta dawa, nilichota maji, nilipika, wanaume wenzangu wakanicheka nikawaacha. Hayo yote yalikuwa rahisi kuliko kusema, "Ulikisikia, na mimi pia nilikisikia." Nilikuja kulisema baada ya miaka mingi, tukiwa tunapalilia mihogo, na yeye akaniambia tu, "Najua. Ulipaza sauti." Akaendelea na jembe lake.

Wewe ndiye uliyekuwa mkono wake wa kushoto. Ulijua kumshika sangara kabla hujajua kusoma. Wasichana wenzako wanacheza, wewe umeshika mkia wa samaki kwa gunia ili mama akate. Nikikuona hivyo nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba. Labda ndiyo maana ulipoanza kuja karakana kuzungusha feni ya tanuri sikukufukuza, wala sikukufundisha vizuri. Nilikuacha uone kwa macho. Nilikuonyesha namna na sikukuambia sababu, na sasa nalaumu kwamba hujui sababu. Hilo nalo ni langu.

Halafu mambo yakafunguka. Kila kitu ruksa, maduka yakajaa. Mama yako alikwenda Musoma siku moja kununua samaki, akarudi na kisu cha dukani, cha mpini wa plastiki ya bluu. Alikiweka mezani karibu na chumvi. Hakukiweka kwa ubaya, alikuwa anafungua mizigo tu. Nimepigwa na watu maishani, niliwahi hata kuangukiwa na jeki, lakini hakuna kilichoniumiza kama kisu kile cha bluu. Nyumba ya mfua visu. Na kisu chenyewe kibovu, kinakuwa butu kila siku, na kila siku anakupa wewe ukinoe.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwenye oili, na nilijifunza upya kama mwanafunzi. Mashine za pamba zikaanza tena kukamua, nikapata mafuta ya pamba kwenye madumu. Tumia hayo, Nyafuru, kama unaweza kuyapata. Hayana ule moshi wa oili chafu unaokaa kifuani, na hayana takataka na maji ya injini. Oili chafu inafanya kazi, sikatai, lakini iache itulie, uchote ya juu tu, na usikubali mtu akuchanganyie na dizeli ili ijae. Nilimtengenezea mama yako kisu kingine kwa mafuta ya pamba, nikakijaribu kila namna, nikakipinda, nikakiangusha, nikakikatia msumari. Nikampa. Akasema, "Asante, Baba Nyafuru, kizuri." Anakatia majani ya ng'ombe. Sikumuuliza kwa nini. Una macho, umeona mwenyewe.

Sasa unielewe jana. Uliposema utakigusisha maji kidogo tu, niliisikia ile tik. Hakuna kidogo kwenye maji, mwanangu. Springi ikipasuka, inapasuka palepale inapoyagusa, na ukiipeleka kwenye oili baada ya hapo unaupeleka ufa kuoga. Wateja wa Musoma watakuuliza, "Kimetiwa maji?" na kina mama wa samaki ndio watakaokuuliza zaidi, kwa sababu wao wanaweka mkono wao upande wa pili wa kisu. Sitakuambia uwajibu nini. Wewe una ulimi kuliko mimi. Labda ukibane kisu kwenye jiliwa mbele yao, ukipinde, ukiachie kirudi. Labda uwape wamkate samaki mzima kabla ya kulipa. Najua tu kwamba mteja mmoja atakurudishia mkononi na kwenda kwa jirani, na siku hiyo utarudi kwa shangazi yako umenuna. Rudi umenuna. Mimi ningetoa chochote nilicho nacho nirudi nyumbani nimenuna siku ile.

Jua linaisha. Nilikuwa nataka kumalizia hapo, nikaingia ndani kunywa maji. Mama yako bado yupo na begi. Akaniuliza bila kugeuka, "Unamwandikia nini muda wote huo? Kitabu?"

Nikamwambia, "Habari za debe."

Akaendelea na kazi yake. Alikuwa anakunja kitenge, mkono wa kushoto anaukandamiza juu tu kama uzito, wa kulia unafanya kazi yote. Nikaanza kutoka. Ndipo akasema, "Mwambie kisu cha kwanza atakachofua Kitaji ni changu. Kirefu, cha sangara. Nitakuja mwenyewe kukichukua, na nitakaa palepale nione anakizamisha wapi."

Nimesimama mlangoni kama mjinga, Nyafuru. Miaka yote hii hajawahi kuniagiza kisu. Leo ameagiza, na ameagiza kwako.

Mtengenezee.

Ni mimi, Magesa baba yako, ninayekupenda na kukuomba radhi.